Utando Unaokumbuka

Januari 2025 kampuni ya Sony ilitangaza kwamba mwezi uliofuata ingeacha kutengeneza diski tupu za MiniDisc. Hakuna aliyelia. Wengi wa umri wangu hatujawahi hata kushika moja: kidude cha plastiki, karibu sentimita saba kila upande, na ndani yake diski ya milimita 64 inayobeba dakika 74 za muziki. Ilizinduliwa Japani mwaka 1992, ikapendwa sana huko, waandishi wa redio wakaitumia kurekodi mahojiano, halafu MP3 ikaja ikaizika.

Lakini ndani ya hiyo diski kulikuwa na kitu ambacho kiliwasumbua wanafizikia kwa karibu miaka ishirini. Ni utando wa metali tatu, terbi, chuma na kobalti, mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwa chako unauzidi unene zaidi ya mara elfu. Utando huo ni sumaku. Na ni sumaku yenye tabia ambayo, ukifuata vitabu vya zamani, haikufaa kuwa nayo.

Tuanze na sumaku ya kawaida ndio tuelewane. Ndani ya chuma, atomu zimejipanga kama matofali ya fundi mzuri, safu kwa safu, mpaka mwisho. Mpangilio huo ndio tunaita fuwele. Kila atomu ni kisumaku kidogo, na visumaku hivyo vikikubaliana kutazama upande mmoja, unapata sumaku unayoweza kubandika kwenye friji. Upande gani? Fuwele ndiyo huwa inaamua. Kwenye chuma, visumaku hupenda kulala sambamba na kingo za mchemraba wa atomu. Kwenye kobalti, ambayo atomu zake hujipanga kwa umbo la pembe sita, hupenda mhimili mmoja tu. Kuna njia rahisi na kuna njia ngumu. Wanafizikia huita hali hiyo anisotropi, yaani sumaku haichukulii pande zote kuwa sawa.

Sasa vunja hiyo fuwele. Tupa atomu ovyo, kama watu wanavyojaa stejini saa moja jioni mvua ikianza: kila mtu yuko karibu na mwingine, lakini hakuna foleni. Hali hiyo huitwa amofasi, na glasi ya dirisha lako ni mfano wake. Hapo yanazuka maswali mawili. Je, usumaku utabaki? Na ukibaki, utaelekea wapi, ikiwa fuwele iliyokuwa ikionyesha njia haipo tena?

Kwa muda mrefu swali la kwanza halikuweza kujibiwa kwa sababu rahisi tu: metali hukataa kuwa glasi. Yeyusha metali, iache ipoe, na kabla hujageuka atomu zimeshajipanga. Ili kuzinasa zikiwa ovyo, lazima uzishtukize. Njia moja ni baridi kali. Mwaka 1954, huko Ujerumani, Werner Buckel na Rudolf Hilsch walivukiza bismuthi ndani ya ombwe na kuuacha mvuke utue juu ya uso uliopozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Kila atomu ilipotua iliganda papo hapo, haikupata nafasi ya kutafuta jirani. Bismuthi ya kawaida, hata ukiipoza hivyo, bado ina ukinzani wa umeme. Hii ya kwao ilipitisha umeme bila ukinzani wowote. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichotolewa. Ilikuwa bismuthi ile ile, imelazwa kwa namna tofauti.

Njia ya pili ni kasi. Mwaka 1960, Pol Duwez, Mbelgiji aliyekuwa akifundisha Caltech kule California, alichapisha pamoja na wanafunzi wake habari za aloi ya dhahabu na silikoni iliyopozwa kwa kasi ya takriban nyuzi milioni moja kwa sekunde. Ilikuwa metali, lakini ndani yake ilikuwa glasi. Mwaka huo huo, upande wa pili wa Vita Baridi, mwananadharia wa Kisovieti A. I. Gubanov aliandika kwamba hakuna kinachozuia kitu amofasi kuwa sumaku. Hoja yenyewe ukiifikiria ni ya mtaani kabisa: ili kisumaku kielekee upande fulani, hakihitaji kujua nchi nzima imepangwaje, kinahitaji majirani tu. Na hata kwenye vurugu za stejini, kila mtu ana jirani.

Mwaka 1965, S. Mader na A. S. Nowick wa IBM walitua mvuke wa kobalti na dhahabu juu ya uso wenye baridi kali, wakapata utando amofasi ambao kweli ulikuwa sumaku. Swali la kwanza likafungwa. La pili ndilo lililoleta kazi.

Kulielewa, lazima tupitie ndoto moja ya kompyuta ambayo haikutimia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Andrew Bobeck na wenzake wa Bell Labs walikuwa na wazo la kuhifadhi data kwenye viputo vya usumaku. Chukua utando ambao visumaku vyake vyote vimesimama wima vikitazama juu. Halafu tengeneza doa dogo la duara ambamo vinatazama chini. Doa lipo, hiyo ni moja. Halipo, hiyo ni sifuri. Na unaweza kuyasukuma madoa hayo kama shanga kwenye uzi, bila kifaa chochote kinachozunguka. Shida ilikuwa malighafi. Viputo vilihitaji fuwele maalum za ganeti, zilizooteshwa taratibu juu ya fuwele nyingine ya bei ghali.

Kwenye maabara ya IBM iliyoko Yorktown Heights, jimbo la New York, watu watatu walijaribu njia ya mkato. Praveen Chaudhari alizaliwa Ludhiana, India, akasomea Kharagpur kabla ya kwenda MIT. Wenzake walikuwa Jerome Cuomo na Richard Gambino. Wazo lao: tuache fuwele kabisa, tutumie utando amofasi wa gadolini na kobalti, tuulaze juu ya glasi ya kawaida.

Njia waliyotumia huitwa sputaringi, na ukiwahi kucheza pool umeshaielewa nusu. Ndani ya chemba isiyo na hewa unaweka bamba la metali unayoitaka. Unaingiza gesi kidogo ya agoni, unaitia umeme mpaka atomu zake zinakuwa ioni, halafu unazirusha zigonge lile bamba. Kila ioni ni kama mpira mweupe: ikigonga, atomu za metali zinaruka huku na huku, na zile zinazofika upande wa pili zinatua juu ya glasi. Tabaka linajengeka juu ya tabaka mpaka unapata utando.

Utando mwembamba wa sumaku, ukiuacha ufanye unavyotaka, hulala. Visumaku vyake huelekea ubavuni, sambamba na uso, kwa sababu kusimama wima kunagharimu nishati zaidi. Ni kama karatasi: kuilaza ni rahisi, kuisimamisha lazima kitu kiishike. Kwa kuwa utando wa IBM haukuwa na fuwele ya kuushika, ulitakiwa ulale. Haukulala. Visumaku vilisimama wima. Mwaka 1973 walichapisha matokeo hayo, karatasi moja kuhusu viputo, nyingine kuhusu kutumia tando hizo pamoja na mwanga.

Sehemu ya maelezo ilikuwa rahisi. Gadolini na kobalti hazipatani: visumaku vya moja hutazama juu, vya nyingine chini, hivyo vinafutana. Ukichagua vipimo vizuri, usumaku unaobaki ni mdogo sana, na gharama ya kusimama inashuka. Lakini kushuka kwa gharama hakumsimamishi mtu. Lazima kuwe na kitu kinachosukuma juu, na kwenye kitu amofasi, "juu" inatoka wapi? Kama atomu zimekaa ovyo kweli, pande zote zinafaa kuwa sawa.

Waliotafuta jibu waligundua haraka kwamba haitoshi kujua umeweka nini. Lazima ujue umewekaje. Mfikirie fundi anayepuliza rangi matatu mpya. Rangi ni ile ile kwenye kopo lile lile. Lakini akisogeza bunduki karibu, rangi inachuruzika. Akiisogeza mbali, inafika ikiwa imeshaanza kukauka na inakaa kama vumbi. Akibadilisha presha, au akipuliza jua likiwa kali, mng'ao unabadilika. Ukimuuliza umetumia nini, atakuonyesha kopo, na bado hutaweza kurudia kazi yake.

Ndivyo ilivyo kwenye chemba. Presha ya agoni ikiwa juu, atomu za metali zinagongana na gesi njiani, zinafika zimechoka, zinaganda palepale zilipotua, na utando unajaa nguzo ndogo ndogo zenye nafasi katikati. Presha ikiwa chini, zinafika na nguvu zao na utando unashikana. Ukiweka volti upande wa glasi, baadhi ya ioni zinageuka na kuupiga utando wenyewe ukiwa bado unajengwa. Zinang'oa atomu zilizoshika vibaya, zinabadilisha uwiano wa metali, na agoni kidogo inanaswa humo ndani. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kiligusa usumaku: nguvu yake, ugumu wa kuugeuza, na kama utasimama au utalala. Maabara mbili zingeweza kutengeneza tando zenye metali zile zile kwa asilimia zile zile, moja ikapata sumaku iliyosimama, nyingine iliyolala.

Basi nadharia zikawa nyingi. Wengine walisema ni zile nguzo na nafasi. Wengine wakasema ni mkazo, utando unavutwa na glasi iliyo chini yake. Wengine wakasema ni majirani: huenda aina fulani ya atomu hupenda kukaa juu ya nyingine badala ya ubavuni, kwa kiasi kidogo kisichoonekana. Hii ya mwisho ilikuwa ngumu kuithibitisha, maana ni sawa na kusema ule umati wa stejini, unaoonekana ovyo kabisa, una mpango wa siri.

Mwaka 1992 tafiti mbili zilichapishwa, zote kuhusu terbi na chuma. Kwenye ya kwanza, Frances Hellman na E. M. Gyorgy walitengeneza tando juu ya nyuso za joto tofauti. Ungetarajia kwamba joto likizidi, atomu zingechanganyika zaidi na mwelekeo ungepotea. Ikawa kinyume: kadiri uso ulivyokuwa na joto zaidi wakati wa kulaza, ndivyo visumaku vilivyosimama kwa nguvu zaidi. Lakini utando ambao umeshamalizika, ukiupasha joto baadaye, mwelekeo unapungua. Joto lile lile, wakati tofauti, matokeo kinyume.

Kwenye utafiti wa pili, Vincent Harris na wenzake walitumia eksirei kuhesabu majirani wa kila atomu, upande kwa upande. Walikuta kwamba chuma kilikuwa na majirani wa chuma wengi zaidi ubavuni, na majirani wa terbi wengi zaidi juu na chini. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Walipoupasha utando joto, bila kuufikisha kwenye fuwele, tofauti hiyo ilifutika, na mwelekeo ukaondoka nayo. Umati ulikuwa na mpango kweli.

Ukiziweka tafiti hizo pamoja, picha inakuja. Atomu ikitua, kwa muda mfupi sana inakuwa juu ya uso. Ina majirani chini na ubavuni, lakini juu yake hakuna kitu. Huo ndio wakati pekee katika maisha yake ambapo "juu" na "ubavuni" ni vitu tofauti. Kama uso una joto, inaweza kutembea kidogo na kuchagua mahali panapoifaa. Kisha tabaka jingine linaifunika, na haiwezi tena kusogea. Chaguo lile la sekunde linabaki humo ndani. Ukiupasha utando joto baadaye, unazipa atomu nafasi ya kusogea zikiwa zimezungukwa pande zote, na kwa atomu iliyozungukwa pande zote, juu haina maana tena. Inasahau.

Hiyo ndiyo sababu nimeandika haya yote. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili wa fizikia, karo ikiwa imenishinda, na kwenye madaftari niliyobaki nayo amofasi imepewa mstari mmoja: kitu kisicho na mpangilio. Mstari huo si uongo, lakini umeacha jambo kubwa. Fuwele unaweza kuielezea bila kuuliza ilikotoka. Utando amofasi huwezi. Historia yake ni sehemu ya kile ulicho, sawa na terbi na chuma. Na sitaki kuigeuza hii iwe hadithi ya motisha kuhusu malezi na mitihani ya maisha. Atomu hazina shida zetu. Ninachotaka kusema ni kuhusu vitu, na kuhusu nani anajua kuvitengeneza.

Tumalizie kwanza stori ya diski. Viputo vya Bell Labs vilipata soko kidogo, vikafa katika miaka ya 1980, vikishindwa na chipu na diski za kawaida. Utando wa Yorktown Heights haukufa navyo, kwa sababu ile karatasi ya pili, ya mwanga, ilipata kazi. Ukitaka kuandika kwenye diski, leza inapasha doa moja joto mpaka visumaku vinalegea, uga mdogo wa sumaku unavigeuza, doa linapoa, na data imekwama hapo. Ukitaka kusoma, leza hiyo hiyo kwa nguvu ndogo inapiga doa, na mwanga unaorudi unakuwa umezungushwa kidogo kulingana na upande ambao visumaku vinatazama. John Kerr, Mskoti, aligundua mzunguko huo katika miaka ya 1870 bila kujua ungewahi kucheza muziki. Visumaku vilivyosimama hukaa bila kusumbuana kwenye nafasi ndogo, na utando usio na fuwele hauna mipaka ya chembe chembe ya kuchafua mwanga. Mwaka 1988 kompyuta ya NeXT ya Steve Jobs ilitoka na diski ya aina hiyo ya megabaiti 256. Miaka minne baadaye ikaja MiniDisc. Mwaka 1995 Chaudhari, Cuomo na Gambino walipewa medali ya taifa ya teknolojia ya Marekani, kwa kitu walichokianza wakitafuta kingine.

Na sasa tuje nyumbani. Gadolini na terbi ziko kwenye kundi la madini adimu, na kundi hilo linapatikana Kwale, kwenye kilima cha Mrima, chini ya msitu ambao Wadigo wameutunza kama mahali patakatifu. Kwa zaidi ya miaka kumi Mrima imekuwa ikitajwa kwenye magazeti pamoja na mabilioni ya dola. Mazungumzo huwa yale yale: nani apewe leseni, kaunti ipate asilimia ngapi, wenyeji wahamie wapi. Ni mazungumzo ya lazima, na wenyeji wana haki ya kuwa wa kwanza kusikilizwa. Lakini yote ni kuhusu kopo la rangi.

Utando wa MiniDisc ulitumia terbi kidogo mno, tabaka la makumi ya nanomita tu. Thamani yake haikuwa kwenye uzito. Ilikuwa kwa mtu aliyejua presha iwe ngapi, volti iwe ngapi, uso uwe na joto gani, na aliyejua kwa sababu alikuwa ameshaharibu tando nyingi kabla ya hapo. Huo ujuzi hauko kwenye udongo. Unaweza kuuza kilima chote na usiuze hata chembe ya ujuzi huo, kwa sababu hukuwahi kuwa nao. Na mtu akikupa orodha ya metali na asilimia zake, bado hajakupa kitu. Tumeshaona: asilimia zile zile zinaweza kusimama, zinaweza kulala.

Kwamba diski imekufa haimaanishi kazi hii imekwisha. Mwaka 2005, nchini Japani, kikundi cha watafiti kilitumia sputaringi kulaza utando amofasi wa kobalti, chuma na boroni, kikaweka juu yake oksidi ya magnesi. Kwa kuwa sakafu haikuwa na mpangilio wa kuilazimisha, oksidi ilijipanga yenyewe vizuri. Kisha walipasha joto, na safari hii ule utando ndio ukaiga mpangilio wa oksidi ukawa fuwele. Vichwa vya kusomea diski za kompyuta vilitumia muundo huo, na ndio msingi wa kumbukumbu za sumaku zinazotengenezwa leo. Mwaka 2007, watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichukua gadolini, chuma na kobalti, ndugu wa karibu wa ule utando wa 1973, wakageuza usumaku wake kwa mwanga peke yake, bila uga wowote wa sumaku, kwa mpigo wa leza wa femtosekunde 40.

Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda kinachotengeneza semikonda. Ni kidogo ukilinganisha na vya Asia, na sisemi kwamba kesho kitalaza terbi ya Kwale. Nasema tu kwamba kulaza tando nyembamba ni sehemu ya kazi ya semikonda popote inapofanywa, na kwamba kijana anayeshinda mbele ya chemba akirekebisha presha, akiharibu, akirudia, anakusanya kitu ambacho hakichimbwi. Tukikaa tena kujadili Mrima, naomba kwenye meza hiyo kuwe na kiti kimoja cha mtu wa aina hiyo, aulize swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa: sawa, udongo tumeuona, sasa nani hapa anajua kuulaza?